Binti, saa zako ziko wapi?

Wiki iliyopita binti mmoja wa Majengo, hapa hapa Moshi, aliniandikia: "Shikamoo babu. Nasomea urubani, ada imekata, nimerudi nyumbani. Nina saa 62 za kuruka. Nikirudi shule mwakani zitahesabika?"

Marahaba mjukuu wangu. Nilimjibu kwa swali moja: zimeandikwa wapi? Baada ya dakika chache akasema nyingine ziko kwenye kitabu chake cha kuandikia safari za ndege, nyingine mwalimu anazo kwenye daftari lake.

Usiku ule sikulala vizuri. Ninyi mnaonisoma mnautaka urubani, najua, maana kila siku mnaniuliza habari za ada, macho na hesabu. Haya ya kitabu hakuna anayeniuliza, na ndiyo yaliyonigharimu mimi.

Nimeruka miaka 45, tangu 1974 nikiwa askari hadi 2019 nilipotimiza miaka 65. Vita ya Kagera ilinikuta nina miaka 24, rubani msaidizi wa Caribou. Wengi wenu hamjaiona. Ni ndege ya mizigo iliyotengenezwa Canada, injini mbili, mkia umeinuka, mlango uko nyuma unashuka kama wa lori. Mbio haina, ila inatua mahali pafupi ambapo nyingine ya ukubwa ule isingejaribu. Novemba 1978, Mwalimu alipoliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, sisi tulikuwa tunapakia. Mwanza hadi Bukoba, Bukoba hadi Mwanza. Kwenda risasi na sembe, kurudi majeruhi.

Safari moja ya kurudi, kijana aliyepigwa pajani alilazwa karibu kabisa na mlango wetu wa mbele. Kila mara anauliza, afande tunafika saa ngapi? Nikamwambia dakika arobaini. Akauliza tena. Basi nikavua saa yangu ya mkononi nikamfunga yeye, aangalie mwenyewe. Mkanda ulikuwa mkubwa kwake, ikawa inazunguka mkononi, naye anaushikilia uso wa saa kwa vidole vya mkono wa pili vilivyojaa vumbi jekundu la Bukoba. Tulipogusa chini Mwanza alinirudishia. "Afande, umezidisha dakika tatu."

Dakika 43. Nazikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Kwenye kitabu changu hazimo.

Hazimo kwa sababu nilisema nitaandika kesho. Kesho yake kulikuwa na safari nne. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ikaja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama, na nani siku kama ile anatafuta kalamu? Kampala ikachukuliwa 11 Aprili 1979. Nilipokifungua kitabu, tangu Novemba kulikuwa kurasa nyeupe. Hata hapo ningeweza kuwafuata wenzangu tukumbushane, wanisainie. Sikuwafuata. Tulikuwa tumeshinda, tunashangiliwa barabarani, nikadhani ushindi ni cheti.

Nikaacha jeshi 1986. Nikaenda uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kusomea leseni ya kiraia, darasa moja na vijana wa miaka 19, kwa fedha ambazo nusu yake zilitoka kwenye cherehani aliyoiuza mke wangu. Mitihani nilifaulu yote mara ya kwanza. Kwenye kuhesabu ndiko nilikokwama. Mimi nilidai saa 1,900. Wanaotoa leseni walizikubali 1,140 tu, zile zenye tarehe, namba ya ndege na saini. Na leseni ya juu, ile ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500. Nilipungukiwa saa 360 ambazo mikono yangu iliziruka.

Nikapeleka barua ya kazi kwenye kampuni moja. Nikaeleza habari za Bukoba, mvua, majeruhi, usiku. Yule bwana alinisikiliza hadi mwisho, akafunga faili. "Kapteni, hatulipi hadithi."

Nilikuwa na miaka 33. Bado linaniuma.

Nikaanza upya Arusha na Cessna 206, injini moja, watalii na mabegi yao kwenda Seronera, ndani ya Serengeti. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387 juu ya bahari. Jua la saa saba likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege iliyojaa inakimbia na kukimbia kabla haijakubali kunyanyuka. Saa nilizopungukiwa nilizipata, lakini zilipotimia nafasi zile zilikuwa na wenyewe. Baadaye nikapewa Caravan, nayo ya injini moja ila kubwa zaidi, nikaiendesha miaka mingi. Sijawahi kuvunja ndege wala kumuumiza abiria, nalisema kwa fahari.

Kwa hiyo andika. Andika kabla hujatoka uwanjani, kabla ya chai, injini ikiwa bado ya moto. Tarehe, aina ya ndege, namba yake yote, ile inayoanza na 5H kwa ndege za Tanzania, ulikotoka, ulikotua, mchana au usiku, ulikuwa kiongozi au msaidizi, maana hazihesabiwi sawa. Saini ya mwalimu ichukue siku ile ile. Usione haya kumsumbua. Kesho atahama shule, ataugua, atakusahau, na wewe utabaki unaapa mbele ya mtu aliyekwishafunga faili. Piga picha kila ukurasa. Andika, wanangu. Mbona namba za simu za marafiki mnazihifadhi?

Zile kurasa nyeupe nilizijaza mwenyewe, nyumbani, mwaka niliostaafu, kwa penseli. Sijazijumlisha.

Jana binti alikuja na kitabu chake tukakaa barazani. Tulipitia mstari kwa mstari: safari 41, zenye saini 33. Nane ziko kwenye daftari la mwalimu. Nimempa nauli, na kesho alfajiri anapanda basi kuzifuata.