Uliza Fundi: Tela ya kubeba boda tatu, ekseli ikae wapi?

Fundi salaam. Mimi ni makanika wa boda hapa Tororo. Nanunua zilizokufa Kampala naja kuzifufua, ila kila safari nalipa lori na zinafika vioo vimevunjika, tangi zimebonyea. Nina Noah, nataka tela yangu mwenyewe ya Boxer tatu. Kuna kijana jirani anachomelea mageti, anasema siku mbili amemaliza, na ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, ataiweka katikati kabisa ndio tela isiegemee upande. Yuko sawa? Na chuma ninunue gani? – Msomaji, Tororo

Ndugu yangu, mwambie huyo kijana aweke grainda chini kwanza. Ekseli katikati kabisa ndio kosa nililofanya mimi kwenye tela yangu ya kwanza. Ikisimama uwanjani inapendeza kweli, imekaa sawa kama meza. Siku ya kwanza kuivuta nilikuwa na pikipiki mbili na injini moja nimeitupa nyuma kabisa kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, natoka Mabira naelekea Lugazi, kamteremko kadogo tu, spidi kama 80. Tela ikaanza kutikisa mkia, kushoto kulia kushoto kulia, kila ikirudi inaongeza, na mimi kwa uoga nikakanyaga breki, ndio ikazidi, ikanigeuza gari likaangalia nilikotoka. Mungu alisaidia hakukuwa na lori la miwa nyuma yangu. Baadaye ndio nikajifunza kwamba ikianza hivyo unaachia mafuta polepole, unashika usukani umenyooka, hugusi breki ya gari mpaka itulie.

Sababu yenyewe ni uzito. Tela inataka iegemee mbele, ilalie gari kidogo. Kipimo wanachotumia mafundi wengi ni asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ukae kwenye boli ya kuvutia, kile kirungu cha chuma nyuma ya gari kinachoshika tela. Tufanye hesabu yako: Boxer moja weka kilo 120 kwa makadirio, tatu ni 360, tela yenyewe tuseme 180, jumla 540. Kwa hiyo pale mbele panatakiwa pawe na kilo 54 mpaka 81. Ikipungua hapo inayumba, ikizidi sana Noah inakaa matako chini na usukani unakuwa mwepesi, nayo ni hatari.

Kitanda cha tela, pale pikipiki zinapokaa, kifanye sentimita 220 urefu. Ekseli ipime sentimita 132 kutoka mbele, yaani nyuma zibaki 88. Usichomelee moja kwa moja hapo! Shikiza mabano ya springi kwa nukta mbili tatu za weldi tu, panga pikipiki zote tatu vile zitakavyosafiri, halafu nenda kaazime kwa mnunuzi wa kahawa au mahindi ile mizani yake ya kuning'inia. Ifunge kwenye kamba juu ya mwembe au kwenye boriti ya gereji, ning'iniza pua ya tela pale pale kinapokaa kikombe kinachofunika boli, tela iwe imelala sawa, soma. Ukipata 65 hivi piga weldi. Ukipata 30, sogeza ekseli nyuma kidogo upime tena. Inachukua nusu saa, na mwenye mizani utamnunulia soda.

Chuma sasa. Fremu skwea paipu ya 50 kwa 50, unene milimita 3. Nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, nasema hivi kwa sababu utaambiwa hii ni nzito bosi, ukipima ni moja na nusu, hiyo ni ya mageti. Shingo, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, ifanye ya pande mbili zinazokutana mbele kama herufi A, na hizo paipu zipite chini ya kitanda mpaka zifike kwenye mabano ya springi, usiziishie kwenye paipu ya kwanza tu, maana tela nyingi nilizoona zimekatika zimekatikia hapo hapo shingo inapoingia kitandani. Ongeza vibati vya pembe tatu kwenye hizo kona. Na usichukue paipu za maji za kale zilizopakwa zinki eti ni bure, ule moshi mweupe wake ukichomelea unakupa homa ya usiku kucha.

Mtu wa mageti simdharau, nami nilianzia huko. Lakini ana tabia moja: akimaliza weldi anaisaga mpaka ilainike kama sabuni halafu rangi juu. Geti hapo linapendeza, ila kwenye tela umesaga nguvu yenyewe umeitupa chini. Mwambie aache vile ilivyo hata kama ni mbaya. Na asiguse springi kwa moto hata kidogo, springi ikichomelewa inapoteza ugumu wake na itavunjika siku ya tuta. Springi zinakamatwa na yu-bolti, zile bolti zenye umbo la U, basi.

Upana, ukigeuza ile boda ya katikati itazame nyuma, mikono ya usukani haigongani na sentimita 150 zinakutosha. Ila kumbuka magurudumu yako nje ya kitanda kwa hiyo tela itakuwa pana kuliko Noah, dereva anapita getini vizuri tela inabaki na nguzo.

Kuhusu gari, Uingereza tela isiyo na breki zake haitakiwi kuzidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, ile iliyo ndogo. Noah ni kama tani moja na nusu, kwa hiyo 540 uko salama, ya nne usiweke hata ukibembelezwa. Boli ifungwe kwenye chesisi kwa bati nene na bolti, sio kwenye bampa. Minyororo miwili ya usalama uipitishe msalaba chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka shingo idakwe isichimbe lami.

Taa: nyaya tano, indiketa mbili, breki, za usiku, na wa ardhi. Huo wa ardhi uvute mpaka kwenye gari, usitegemee chuma cha boli, ndio maana unaona tela zinakonyeza kama disko. Na tela inatakiwa isajiliwe iwe na namba yake yenyewe, hiyo ya Noah haitoshi, kwa hiyo ulizia kabla hujakata chuma.

Safari ya kwanza usiende Kampala. Nenda mpaka Malaba urudi, simama njiani ushike habu zote mbili, pale katikati ya gurudumu penye beringi, kwa mkono. Ikikuunguza mkono, beringi imekazwa sana au haina grisi. Nati za magurudumu uzikaze tena hapo hapo.

Fundi, kila nikisafirisha pikipiki yangu kwa pikapu nikifika shoki za mbele zinavuja mafuta. Nafunga vizuri kabisa haitikisiki. – Dada wa boda, Kasese

Dada, ndio hilo tatizo, unafunga vizuri kupita kiasi. Ukivuta mikanda mpaka shoki zinalala kabisa chini, kila shimo la njia linapiga sili, ule mpira unaozuia mafuta ya shoki, kwa nguvu kwa sababu shoki haina pa kwenda. Zilaze kama nusu tu. Mkanda ukamate kwenye lile bano la chini linaloshika shoki, sio kwenye ncha za usukani ambazo zinapinda, na uvute kwenda mbele na chini. Gurudumu la mbele liwe limebana kwenye kizuizi. Stendi ya pembeni ikunje, pikipiki isimame kwa mikanda minne peke yake, na kama ni ya kabureta funga koki ya petroli. Sili zenyewe hazina bei, ila badilisha zote mbili pamoja na mafuta yake.

Nimepata ekseli ya nyuma ya Corolla iliyochinjwa Kisenyi, inafaa tela? – Msomaji, Iganga

Inafaa, tena ni nzuri kwa sababu beringi na nati utapata spea popote. Iangalie kwanza kama imepinda: funga magurudumu, pima umbali kati ya tairi na tairi mbele, halafu nyuma. Zikipishana zaidi ya milimita chache mrudishie, itakula tairi kabla hujafika Bugiri.