Svante Pääbo: kutoka maiti za Misri hadi Nobel

Umeuliza mtu aliyesomea mambo ya kale ya Misri alipataje Nobel ya tiba. Pääbo, Mswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1955, alisoma vyote viwili pale Uppsala: Misri ya kale, kisha udaktari. Akiwa mwanafunzi wa uzamivu alinunua ini la ndama dukani, akalikausha kwenye oveni ya maabara siku kadhaa ili aone kama DNA, kemikali inayobeba taarifa za urithi, hubaki kwenye nyama iliyokauka. Msimamizi wake hakuwa na habari, ila harufu ilianza kumchongea! DNA ilikuwepo, akahamia kwenye maiti zilizokaushwa za Misri, na mwaka 1985 matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature. Baadaye yeye mwenyewe aliyatilia shaka, maana DNA ya mtu wa leo huingia kwenye sampuli kirahisi mno: chembe ya ngozi tu inatosha. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuzuia uchafu huo, na ndiyo sababu vyumba vya kazi hii ni safi kupindukia.

Mengine yalifuata: kipande cha DNA ya Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, mwaka 1997, jenomu yake (yaani DNA yake nzima) mwaka 2010, na mwaka huohuo Wadenisova, jamii nyingine ya binadamu waliotoweka, kutokana na kifupa cha kidole kutoka Siberia. Kwa kazi hiyo Nobel ilikuja 2022, akaipata peke yake. Baba yake, Sune Bergström, alipata ya fani hiyohiyo mwaka 1982, ingawa Pääbo alilelewa na mama, mkemia kutoka Estonia.