Kutu Kwanza, Pedi Baadaye: Kwa Mwanagenzi wa Breki

Kijana anayeingia gereji kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kubadilisha diski za breki, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, na pedi zinazozibana, ni kufungua boliti, kutoa kilichoisha, kutia kipya na kufunga. Kwa gari lililoshuka bandarini mwaka jana, huenda dhana hiyo isimponze. Lakini magari mengi tunayoletewa hapa Mombasa yalikwisha kutumika Japani miaka saba au minane kabla ya kuingia nchini, kisha yakaishi nasi miaka kumi na zaidi, yakivuka feri ya Likoni asubuhi na jioni na kulala nje Nyali, Bamburi au Mtwapa katika upepo wenye chumvi. Kwa gari la namna hiyo, kufungua na kufunga ni kazi ya saa moja, na kupambana na kutu ni kazi ya saa mbili. Fundi anayezikwepa hizo saa mbili ndiye ambaye gari humrudia.

Mimi lilinirudia. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza, nikapewa Toyota Corolla iliyokuwa ikipiga ukelele kila ikifunga breki. Niliitia diski na pedi mpya za mbele kwa muda usiozidi saa moja na nusu, nikajiona nimefuzu. Wiki tatu baadaye mwenye gari akarejea, akalalamika kwamba kila akiteremka Mazeras na kukanyaga breki usukani unamtetemeka mikononi, na kwamba bila shaka nimemuuzia diski feki. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakubishana naye. Alifungua gurudumu, akaitoa diski, akanishika kidole na kukipitisha juu ya uso wa habu, pale diski inapokaa. Karibu na msumari mmoja wa gurudumu, ule unaofungiwa nati, palikuwa na gamba la kutu, jembamba kama karatasi, gumu kama koko la nazi. “Umeivika kanzu mpya juu ya mwili usiooga,” akaniambia, kisha akanipa brashi ya waya na kuondoka.

Inafaa kuelewa kwa nini gamba dogo hivyo huleta balaa kubwa. Watengenezaji wengi wa magari hutaka diski iliyofungwa isipepesuke kwa zaidi ya milimita 0.05 au karibu na hapo inapozunguka, na karatasi ya kawaida ya daftari ina unene wa milimita 0.1 hivi. Gamba likikaa nyuma ya diski, diski hukaa upande, na kwa kuwa ukingo wake uko mbali na kitovu kuliko habu ilivyo, kosa hilo huzidi kule pedi zinakobana. Mwanzoni dereva hahisi kitu. Kila mzunguko, sehemu moja ya diski huigusa pedi hata breki isipokanyagwa, ikalika kidogo kidogo, hadi unene wa diski ukawa haulingani pande zote. Hapo ndipo usukani unapoanza kutetemeka. Watu husema diski imepinda kwa joto, na mara nyingi sivyo: ilifungwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, ukiwa umelegeza nati gari likiwa bado chini, ukaliinua kwa jeki, ukalikalisha juu ya stendi na kulitilia vigingi magurudumu ya nyuma, usiwe na haraka ya kung’oa. Gereji zetu nyingi zina sakafu ya mchanga, na jeki huzama taratibu bila wewe kuona, basi itangulizie kipande cha ubao mnene. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Hili silijadili na mwanafunzi yeyote.

Kabla ya kutoa pedi kuukuu, zisome. Pedi mpya kwa kawaida huwa na milimita 10 hadi 12 za kitu cha kusuguana, na ikibaki 3 ni wakati wa kubadilisha. Muhimu kuliko unene wenyewe ni namna zilivyolika. Katika kalipa ya kawaida, yaani kile kikamatio cha pedi, yenye pistoni moja ya kuzisukuma, ikiwa pedi ya ndani imekwisha na ya nje ingali nene, pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama. Ikiwa pedi moja imelika mshazari, tazama kama pini moja imekwama na mwenzake anacheza. Ikiwa pedi zote mbili za upande mmoja zimekwisha ilhali za upande wa pili zina uhai, shuku pistoni isiyorudi au mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, ulioziba kwa ndani. Ukitupa pedi hizo bila kuzitazama, umetupa maelezo yote ya ugonjwa, na pedi mpya zitakufa kifo kilekile.

Magari ninayoyaogopa zaidi ni yale ya watu wanaofanya kazi Uarabuni, yanayoachwa uani kwa ndugu miezi sita bila kuwashwa. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayoonekana juu ya diski baada ya usiku mmoja wa mvua si hoja. Breki tatu za kwanza huifuta. Ile ya miezi sita huchimba mashimo, na diski hushikana na habu kana kwamba zimechomelewa. Mwanafunzi hukimbilia nyundo. Tazama kwanza: diski nyingi za magari ya Kijapani zina matundu mawili madogo yenye hesi, kwa kawaida ya boliti za milimita 8. Tia boliti mbili humo, uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, nayo diski itasukumwa nje yenyewe kwa mlio mkavu. Nyundo ina nafasi yake ikiwa diski inatupwa, lakini kila pigo huifikia beringi pia.

Suala la kukereza diski ya zamani, yaani kuisawazisha uso kwa mashine, badala ya kununua mpya huulizwa kila siku, kwa sababu bei ni tofauti sana. Kwa kawaida diski huandikwa unene wake wa mwisho, ama ukingoni ama kwenye kofia, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, ingawa mara nyingine itakubidi usugue kutu ndipo usome. Pima kwa kipimo cha mikromita mahali kadhaa, chini ya ukingo ule ulioinuka kwa kutoguswa na pedi, wala usipime ukingo wenyewe. Ikiwa baada ya kukerezwa itakuwa chini ya kikomo, haifai, hata mteja akikusihi. Diski nyembamba hupata joto upesi, na mteja huyo huyo ndiye atakayeteremka Mazeras akiwa na watoto nyuma.

Sasa usafi, ambao ndio kazi yenyewe. Sugua habu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, ukiuzunguka kila msumari, hadi kidole kisihisi kitu na chuma kionekane. Toa vile vibati vya chuma pale pedi zinapokalia kwenye kishikilio cha kalipa. Chini yake ndiko kutu hujificha, ikavibana vibati, navyo vikaibana pedi isirudi. Pini zivute, uzifute, uzipake grisi ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Nasisitiza, kwa kuwa hapa kwetu mkono huenda wenyewe kwenye kopo la grisi ya beringi: grisi itokanayo na petroli huvimbisha mipira ya breki, na baada ya miezi michache pini haitoki hata kwa koleo. Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe kalipa kwa mafuta ya taa. Diski mpya nayo hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Ikiwa huna dawa ya kusafishia breki, ioshe kwa maji ya moto na sabuni na uikaushe papo hapo. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, kwani pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na huwezi kujua ni ipi iliyomo. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Kalipa usiiache ikining’inia kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Kabla ya kuirudisha pistoni ndani, fungua kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kadiri pedi zinavyolika mafuta hushuka, na huenda mtu aliyaona yamepungua akayajaza. Ukisukuma pistoni, yatafurika na kuibabua rangi ya gari. Yanyonye kidogo kwa sindano. Ukiyaona meusi, mshauri mteja yabadilishwe, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ni kitu tusichokosa Mombasa. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha kawaida, huweza kuchemka kuanzia nyuzi 140. Pistoni isukume kwa klampu, polepole. Kalipa za nyuma zilizounganishwa na breki ya mkono, nyingi hutaka pistoni izungushwe inapoingia. Ukiilazimisha kwa nguvu utaivunja.

Kufunga hakuna mengi. Badilisha pande zote mbili za ekseli moja, usibadilishe upande mmoja tu. Nati zikaze kwa msalaba, na ikiwa gereji ina spana ya kupimia mkazo, itumie. Corolla nyingi hutaka nyutoni-mita 103. Kisha, kabla hujagusa ufunguo wa gari, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni ziko ndani kabisa, na mkanyago wa kwanza huzama hadi sakafuni. Nimeona gari likitoka gereji kinyumenyume hadi kwenye kibanda cha mama wa viazi karai, kwa bahati njema akiwa ameenda kuteka maji.

Mwendo wa kuzoesha pedi mpya uufanye mwenyewe, katika barabara isiyo na msongamano: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, kwa mkanyago wa wastani, mara kama kumi, ukiipa diski nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, wala usisimame huku umekanyaga breki ingali moto. Ukirejea, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kuliko mwenzake lirudishe kwenye stendi. Pedi na diski kuukuu zifunge katika gazeti uziweke kwenye buti, na mwenye gari akija, mfungulie umwonyeshe lile gamba la kutu kabla hujamtajia bei.