Jerry "Asiye na Soksi"
Ndugu, umeuliza kama kweli Jerry Simpson, yule mwanasiasa wa jimbo la Kansas, Marekani, alikuwa havai soksi. Alikuwa nazo bwana! Kwenye kampeni za ubunge za 1890 alimkejeli mpinzani wake wa Republican, James Hallowell, kuwa ni mtu wa soksi za hariri. Upande wa pili wakajibu kwamba yeye hata za kawaida hana. Badala ya kununa, akalibeba jina hilo jukwaani, na wakulima wenzake waliobanwa na madeni na bei za kusafirisha mazao kwa reli wakazidi kumpenda. Akashinda.

Halafu wengi hawajui kwamba hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa New Brunswick, Kanada, 1842, akawa baharia kwenye Maziwa Makuu (yale ya kwao, si haya yetu) kabla ya kuhamia Kansas, akalima na kufuga karibu na Medicine Lodge. Baridi kali ya miaka ya 1880 ikamfyekea ng'ombe. Bungeni Washington aliingia 1891 kwa tiketi ya Populist, chama cha kutetea wakulima, akabwagwa 1894, akarudi tena 1897 hadi 1899. Alifariki Wichita, 1905.