Matetea wawili kiota kimoja, na mmoja anaua vifaranga

SWALI: Habari daktari. Niko Kongwa. Matetea wangu wawili wamelalia kiota kimoja chenye mayai 22. Mweusi alianza wiki moja baada ya mwenzake. Juzi wametoka vifaranga 6, mweusi akawadonoa kichwani, 2 wamekufa. Dukani nimeuziwa unga wa OTC (oxytetracycline, antibiotiki) wa kumpunguzia ukali. Jirani anasema nimchome mdomo kwa kisu cha moto. Nifanyeje?

JIBU: Salama, mama. Kisu kirudishe jikoni.

Usiku wa leo, kuku wakishatulia gizani, mtoe huyo mweusi na vifaranga wote waachie mwenzake. Kisha yamulike mayai yaliyobaki kwa tochi, moja moja. Linalopitisha mwanga lote ni tupu. Lenye giza ndani na nafasi ya hewa upande wa butu lina kifaranga. Hayo mpe mweusi, kwenye kiota chake mwenyewe, mahali asipomwona mwenzake. Ndiyo, huyo huyo muuaji.

Muuaji gani? Kila wiki naletewa habari za kuku mwenye roho mbaya, na zimenichosha. Tetea huwa mama kwa kukaa juu ya mayai. Mwili wake hubadilika polepole katika zile siku 21, na karibu na mwisho kifaranga hulia akiwa bado ndani ya ganda, naye humjibu kwa sauti ya chini. Wanajuana kabla ya kuonana. Mweusi wako alikuwa kwenye siku ya 14 hivi. Hajasikia lolote, mara kuna viumbe vinatambaa chini yake. Kwake hao ni wavamizi. Wakitotolewa wa kwake kwa siku zao, huenda akawalea vizuri kabisa; asubuhi hiyo kaa karibu umwangalie.

Kosa lilikuwa kuwaacha pamoja. Watu hufurahi, kuku wawili, vifaranga mara mbili! Wapi. Hunyang'anyana mayai, mengine hupasuka, ya pembeni hupoa (na upepo wetu wa Julai mnaujua), halafu matetea wengine wanakuja kutagia humo humo. Unakuta kiota kina mayai ya umri tofauti. Wa kwanza wakitoka, mama anaondoka nao, waliobaki wanafia ndani ya ganda. Safari ijayo yatie alama ya penseli mayai unayomwekea, 10 hadi 13 kwa kila tetea, na mengine yatoe kila jioni. Wakipishana siku, wa kwanza mwache alalie yai bovu mpaka wa pili atulie, ndipo uwawekee wote usiku mmoja, kila mmoja kiota chake.

Kuku aliyechomwa mdomo hawezi kula vizuri, wala kuwadonolea watoto chakula. Kumtia unyoya puani au kumtumbukiza majini ili aache kulalia, ni mateso yale yale.

Na huo unga ni wa kuua bakteria, hauna habari na hasira. Wauzaji wameugeuza dawa ya kila kitu. Kuku wakianza kuharisha kijani na kupinda shingo, mtu anamalizia hela yake humo, wakati hicho ni kideri, ugonjwa wa virusi, na hakuna unga unaokitibu. Kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, kuku wakiwa bado wazima. Chanjeni siku moja kijiji kizima, wakiwemo wa huyo jirani mwenye kisu.