Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Filamu za Ulaya Likifika Kwenu

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu tamasha la filamu mpya za Ulaya, lile linalozunguka mji hadi mji, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Kwa wasionijua, nilizunguka na tamasha la namna hiyo misimu sita. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa ya ukumbi, kompyuta mapajani, kazi yangu kurusha maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mengi ya majibu haya nimeyaona kutoka kiti kile.

Shikamoo dada. Nilitazama filamu ya Kibelgiji tamasha lilipopita. Mambo yamefika pazuri, mara giza, majina yakaanza kupita. Hata muziki hakuna! Watu wakawa wanaulizana kama imekatika. Hivi hawa hawajui kumaliza hadithi? — Mwanafunzi wa chuo

Marahaba, mdogo wangu. Haikukatika. Mwongozaji aliikata pale kwa makusudi, na bila shaka alikaa siku nyingi akipima aikate sekunde gani.

Hukunitajia jina la filamu, lakini ulivyoieleza inanikumbusha kazi za ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, ambao wamepata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes huko Ufaransa, mara mbili, 1999 na 2005. Ile ya 2005, *L'Enfant*, inamhusu kijana aliyemuuza mtoto wake mchanga. Muda wote unasubiri aadhibiwe au asamehewe. Mwishoni anakaa meza moja na mama wa mtoto, na wote wawili wanalia. Kisha giza. Hakuna anayekwambia kama atabadilika. Lakini rudi mwanzo uhesabu: kabla ya meza ile, kijana huyo umemwona akilia mara ngapi? Hadithi ilikuwa inakwenda kwenye machozi yale, na ilipofika ikasimama.

Kuna na sababu ya kisheria ambayo watazamaji wengi hawaijui. Ufaransa, kwa mfano, sheria inamtambua mwongozaji kuwa mmoja wa waandishi wa filamu, na nakala ya mwisho haihesabiki kuwa imekamilika mpaka yeye na mtayarishaji wakubaliane. Mwenye fedha hawezi kuamka asubuhi akaibandika harusi mwishoni kwa sababu watu walioonyeshwa kwa majaribio walinuna.

Sisemi kila mwisho wa ghafla ni mzuri. Nimeona filamu ambazo mwandishi aliishiwa tu, akazima taa na kuuita usanii. Utaitambua hivi: ukitoka nje, je, unamfikiria yule mtu, au unaifikiria filamu? Kama ni yule mtu anayekusumbua, mwisho ulikuwa wake.

Mimi ni mtu wa miwani. Nikisoma maandishi ya chini sioni picha, nikitazama picha maandishi yameshapita. Kwa nini wasiingize sauti za lugha yetu tukatulia? — Fundi cherehani

Fundi, swali lako limenigusa kwa sababu ndiyo kazi niliyoila mkate wake.

Kwanza ujue kwamba maandishi yale si mazungumzo yote. Mtu akisema kwa kasi, maneno thelathini, mfasiri ana mistari miwili tu, kila mmoja herufi arobaini hivi, nayo yatakaa sekunde chache. Kwa hiyo anachuja. "Unajua, mimi sijui kwa kweli nikwambie nini" inakuwa "Sijui nikwambie nini". Mfasiri mzuri hukuachia nafasi ya kutazama uso. Ukijikuta unasoma bila kupumua, huenda kosa ni la mfasiri, macho yako hayana hatia.

Pili, kwenye tamasha la kuzunguka, mara nyingi filamu huja na maandishi ya lugha nyingine yaliyochomwa ndani ya picha. Ya kwenu hurushwa na projekta ya pili, kwenye kitambaa chembamba chini ya skrini, na kuna mtu anayabonyeza moja moja kwa mkono. Filamu yenye maneno mengi hufikisha maandishi elfu na zaidi. Nilikuwa naitazama filamu mara tatu kabla ya usiku wenyewe, siyo kujua hadithi bali kujua pumzi za waigizaji: huyu huvuta hewa kabla ya kusema, huyu huanza tu. Usiku mmoja nilibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya. Ilikuwa vichekesho vya Kijerumani, mzee kwenye meza ya chakula anakaribia kutoa mzaha. Ukumbi mzima ukacheka, naye bado hajafungua mdomo. Alipousema, kimya. Yule mwigizaji alipoteza kicheko chake katika mji mzima, na sababu ni kidole changu. Mpaka leo nikikumbuka nakunja ngumi.

Kuhusu kuingiza sauti: Ujerumani, Italia na Hispania wana mazoea hayo tangu zamani, na wana waigizaji wa sauti hodari. Mimi siyapendi. Sauti ya mtu ni nusu ya uigizaji wake. Mama wa Kiromania anapomkaripia mwanawe, huhitaji kujua Kiromania kusikia kwamba ameogopa kuliko alivyokasirika. Ukiiondoa sauti ile umeondoa hofu.

Dawa yako ya haraka: usikae mbele. Kaa theluthi ya nyuma, katikati, ili picha na maandishi viingie machoni pamoja bila kugeuza shingo. Dakika kumi za kwanza zitakuchosha. Baada ya hapo utasahau kwamba unasoma.

Dada, nilitazama filamu ya Kipolandi. Haina rangi, na picha ilikuwa kama mraba, imeacha weusi kushoto na kulia. Vichwa vya watu viko chini kabisa, juu ukuta mtupu. Projekta ilikuwa mbovu? — Dereva

Hapana kaka, projekta ilikuwa nzima. Hiyo bila shaka ni *Ida* ya Paweł Pawlikowski, ya 2013, iliyoipatia Poland Oscar yake ya kwanza ya filamu ya lugha ya kigeni, 2015. Hadithi iko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na umbo la picha ni lile la sinema za zamani. Yule msichana analelewa utawani, hajui wazazi wake walikufaje. Wewe mwenyewe umeiona ile nafasi tupu juu ya kichwa chake. Ulihisi nini? Wengine huhisi Mungu yuko pale, wengine huhisi hayupo.

Kwa nini mwanzoni mwa filamu hizi hupita alama za nchi na mifuko ya fedha dakika nzima kabla ya kuanza? — Msomaji wa siku nyingi

Kwa sababu ndizo zilizochanga. Nchi ndogo haiwezi peke yake. *Quo Vadis, Aida?* ya Jasmila Žbanić, kuhusu mauaji ya Srebrenica, Bosnia, ya 1995, ilitengenezwa na watayarishaji wa nchi tisa, Bosnia ikiwa moja tu. Baraza la Ulaya lina mfuko wa Eurimages tangu 1988, Umoja wa Ulaya una mpango wa MEDIA wa kusaidia filamu tangu 1991, na ukumbi unaoonyesha filamu za majirani nao unaweza kusaidiwa. Filamu ile ikashinda tuzo ya filamu bora ya Ulaya 2021. Mimi alama zile huzitazama zote; ni orodha ya walioamini kabla hujaona chochote.

Onyesho lilichelewa dakika arobaini, tukaambiwa "tunasubiri ufunguo". Ufunguo gani? Mlango ulikuwa wazi! Na kwa nini filamu ionyeshwe usiku mmoja tu kisha iondoke? — Mfanyabiashara

Una haki ya kukasirika, na naomba nikueleze, maana mimi pia nimewahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa nikisubiri ufunguo huo.

Siku hizi filamu haiji kwenye mikanda. Huja kwenye diski iliyofungwa ndani ya kisanduku cha plastiki kigumu, sponji ndani, gigabaiti mia moja na zaidi. Inachukua saa kadhaa kuihamishia kwenye mashine ya ukumbi. Lakini ukishaihamisha bado haifunguki. Imefungwa kwa msimbo, na kampuni yenye filamu hutuma ufunguo wake kwa barua pepe: faili ndogo ambayo inakubali mashine moja tu, na inafanya kazi kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Kabla ya hapo, hapana. Baada ya hapo, hapana.

Sasa fikiria tamasha lenye filamu kumi na tano na miji minane. Kila filamu, kila mji, ufunguo wake. Mara moja, mji wa tano, mashine ya ukumbi ilikuwa imebadilishwa wiki moja nyuma na hakuna aliyetuambia. Tukaweka ufunguo, skrini ikaandika neno moja tu la kukataa. Ufunguo ulikuwa wa mashine iliyokwisha ondoka. Ilikuwa Jumamosi usiku, na aliyeweza kuutengeneza upya alikuwa nyumbani kwake nchi nyingine, akila na familia yake. Alitoka mezani akautuma. Watu mia mbili walisubiri, na walioondoka hawakufika kumi. Sitawasahau.

Usiku mmoja ni kwa sababu hiyo hiyo. Haki za kuonyesha hulipiwa kwa onyesho, siyo kwa mwezi, na diski inangojewa mji unaofuata. Wengine wanasema, si ningeisubiri kwenye intaneti? Nyingi ya filamu hizi hazitafika huko kwa njia utakayoiona, au zitafika bila lugha yako. Mimi nakuomba uione na watu. Nimetazama filamu moja ile ile katika miji minane, na hakuna ukumbi uliocheka mahali pale pale kama mwingine.

Naweza kwenda na watoto? Wa mwisho hajajua kusoma. — Mama wa watatu

Dada, angalia kwanza ratiba kuhusu umri, maana filamu nyingi za tamasha ni za watu wazima na wala hazifichi. Lakini wakileta *Flow* ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, nenda nao wote. Haina neno hata moja. Paka, mbwa, kima wa Madagaska, ndege karani tamba mwenye miguu mirefu na panya mkubwa wa Amerika ya Kusini wako kwenye mashua, maji yamefunika dunia. Asiyejua kusoma na profesa wako sawa. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, na 2025 ikapata Oscar ya katuni, ya kwanza kwa Latvia. Sauti za wanyama zilirekodiwa kwa wanyama wa kweli. Yule panya mkubwa amepewa sauti ya ndama wa ngamia. Mwambie mwanao asikilize.

Mwanangu, mimi ni mzee, mkutubi mstaafu. Miguu inaniruhusu usiku mmoja tu katika wiki nzima ya tamasha. Nichague vipi? — Babu

Shikamoo babu. Nimeiacha barua yako ya mwisho kwa sababu nimeifikiria sana.

Usichague kwa tuzo. Tuzo zinakwambia watu saba au tisa walikubaliana nini chumbani. Chagua nchi ambayo ukifumba macho huoni hata barabara yake moja. Paris umeshaiona maisha yako yote, hata kama hujakanyaga. Ukiwa na usiku mmoja, nenda Makedonia Kaskazini, Iceland, Georgia, Estonia.

Msimu wangu wa nne tulikuwa na *Honeyland* ya Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, ya 2019. Ni ya kweli, si maigizo. Mwanamke anayeitwa Hatidže Muratova anaishi na mama yake mgonjwa kwenye kijiji kisicho na umeme huko Makedonia Kaskazini, anafuga nyuki kwenye nyufa za mawe. Akivuna asali anawaambia nyuki: nusu yangu, nusu yenu. Wapigapicha walimfuata miaka mitatu. Yeye na mama yake wanazungumza Kituruki ambacho watengenezaji wenyewe hawakukijua, ikabidi waanze kuiunganisha filamu kwa kutazama tu, bila kuelewa maneno. Nilipolijua hilo nilijaribu kitu ambacho sikupaswa. Kuna mahali mama na binti wamelala karibu, gizani, moto unawaka, binti anauliza swali kuhusu maisha ambayo yangekuwa mengine. Katika mji mmoja maandishi mawili ya pale niliyachelewesha kidogo sana, ili watu wawasikie kwanza. Mzee mmoja safu ya mbele yangu alivua kofia. Kisha nikabonyeza, akasoma, akaitikia kwa kichwa kana kwamba alikuwa ameshajua.

Soma ratiba, babu, tazama na urefu: dakika 85 zinatosha kwa mgongo, zile za saa tatu waachie vijana. Fika mapema upate kiti cha pembeni, ukaweze kunyoosha mguu. Na kama maandishi ni hafifu au yanakimbia, geuka nyuma umwambie yule mwenye kompyuta. Anaweza kuyaongeza mwanga papo hapo, na atafurahi umemwambia.