Maswali ya Wasomaji: Tangazo la Virusi Linapovamia Simu

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natafuta wimbo wa kwaya wa kupakua, mara ukatokea ukurasa mwekundu ulioandikwa kwamba simu yangu ina virusi 13, na kwamba laini itaharibika baada ya dakika mbili nisipoisafisha. Simu ilikuwa ikitetemeka huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma. Nilibonyeza nilipoelekezwa, nikaruhusu kila nilichoombwa, ikaingia programu ya kusafisha simu. Tangu siku hiyo matangazo yanajitokeza hata nikiwa naongea na mteja wa Dar es Salaam, na bando la wiki linaisha siku ya tatu. Fundi mmoja wa Mwanjelwa anataka shilingi 30,000 aiflashi. Hofu yangu kubwa ni fedha za biashara zinazopita kwenye simu hiyo. Nifanye nini?
Mama wa Viazi, Uyole

JIBU: Mama, tutaanza na fedha, kwa sababu matangazo yanaweza kusubiri hadi jioni lakini fedha haziwezi. Toa laini uiweke kwenye simu ndogo ya batani, kiswaswadu kama tulivyozoea kukiita, kisha ubadilishe namba ya siri ya huduma yako ya fedha ukiwa huko. Menyu ya nyota na reli haihitaji intaneti, kwa hiyo utaendelea kupokea malipo ya viazi wakati simu kubwa ikitibiwa. Ikiwa katika zile kurasa uliandika namba ya siri au namba za kadi ya benki, wapigie watoa huduma wako na benki leo hii hii, usingoje kuona salio limepungua.

Sasa turudi kwenye ule ukurasa mwekundu. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuingia ndani ya simu na kuhesabu virusi. Kinachowatisha wengi ni kwamba mara nyingine hutaja aina ya simu na hata mji, mtu akaona amepekuliwa, kumbe aina ya simu hutajwa na kivinjari chenyewe, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, na mji hukisiwa kutokana na anwani ya intaneti uliyopewa na mtandao wako; ndiyo maana si ajabu mtu aliye Uyole akaambiwa yuko Dar es Salaam. Mtetemo nao ni amri ya kawaida ambayo kivinjari cha Android huuruhusu ukurasa kuitoa. Wale virusi 13 waliandikwa na mtu hata kabla hujaishika simu asubuhi ile, na jirani yako wa Tukuyu akiufungua ukurasa uleule ataambiwa ana 13 vilevile. Mara nyingi mwandishi wake ni dalali tu, anayelipwa kwa kila mtu anayekubali kuweka programu inayotangazwa.

Kwa hiyo mlango ulifunguliwa pale uliporuhusu, na kwa maelezo yako inaelekea uliruhusu vitu viwili vinavyofanana kwa nje lakini vinavyotibiwa tofauti. Cha kwanza ni arifa za tovuti, yaani zile jumbe zinazoshuka kutoka juu ya kioo hata kama kivinjari kimefungwa. Ikishuka moja, usiifungue. Ibonyeze na kuishikilia kidogo, nayo itakuonyesha imetumwa na programu gani. Ukiona ni Chrome, basi simu yako haina kirusi katika hilo, bali kuna tovuti uliyoipa ruhusa ya kukuita. Fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, ukaondoe kila jina usilolijua. Nimewahi kukaa na mzee mmoja ambaye alikuwa tayari kununua simu nyingine, na tatizo lake lote lilikuwa tovuti tatu katika orodha hiyo.

Cha pili ni ile programu ya kusafisha. Tangazo linalofunika kioo kizima wakati unaongea na mteja haliwezi kuletwa na arifa. Linaletwa na programu iliyomo ndani ya simu. Siku litakapotokea tena, usibonyeze alama ya kufunga iliyochorwa ndani ya tangazo, kwa sababu mara nyingi nayo ni sehemu ya tangazo. Gusa kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa, utazame alama iliyo juu ya kile kipande cha tangazo: huyo ndiye anayekusumbua, na mara nyingine si uliyemdhania. Inaweza kuwa ni tochi, mchezo wa watoto, au kicheza muziki ulichorushiwa na rafiki kwa Bluetooth.

Kisha izime simu kwa namna ya pekee. Bonyeza kitufe cha kuwashia hadi yatokee maneno ya kuzima, halafu yashikilie maneno hayo kwa kidole mpaka simu iulize kama unataka kuingia katika hali salama. Simu nyingi za Android zinakubali njia hiyo, ingawa chache zina mpangilio wao. Katika hali salama programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo matangazo yakinyamaza umepata uthibitisho kwamba mkosaji ni mmoja wao. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha yote ya programu, uifute ile ya kusafisha na nyingine yoyote iliyoingia siku zilezile. Itazame orodha hadi mwisho, maana baadhi huficha alama zao zisionekane pale mbele, na nyingine huwa na jina tupu.

Kitufe cha kufuta kikikataa kubonyezeka, programu hiyo imejipa usimamizi wa kifaa. Nenda kwenye sehemu ya usalama, tafuta programu za usimamizi wa kifaa, iondolee cheo hicho, ndipo uifute. Ukiwa hapohapo kagua ruhusa tatu: ya kusoma SMS, ya kuonyesha vitu juu ya programu nyingine, na ile ya kuwasaidia wenye ulemavu wa kuona au kusikia, ambayo wahalifu huipenda kwa sababu humwezesha mwenye nayo kuona kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Wewe unaijua lumbesa kuliko mimi: mnunuzi amelipia gunia moja, lakini juu yake ameshonea kilemba cha viazi. Programu ya kusafisha inayoomba kusoma SMS na orodha ya majina ni lumbesa ya namna hiyo, na jibu lake ni lile unalompa mnunuzi.

Ukimaliza, iwashe upya simu, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, chagua Play Protect, uiache ikague. Haihitaji malipo, na kwa matumizi yako sioni sababu ya kununua kinga nyingine.

Kuhusu shilingi 30,000, ningekushauri uzibakize kwanza. Kuflashi ni kuandika upya mfumo wa simu, na kwa tatizo lako ni sawa na kubomoa ukuta kwa ajili ya panya mmoja. Matangazo yakiendelea baada ya hatua hizi, hata kurudisha simu katika hali ya kiwandani unaweza kufanya mwenyewe, lakini hamisha kwanza picha na namba za wateja, na uhakikishe unaikumbuka barua pepe na nywila ya Google iliyomo. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulifunguliwa akaunti hiyo na muuzaji siku ya kununua simu, wala hatukuiandika popote. Simu ikifutwa huweza kuiulizia akaunti ileile ya zamani, na mwenye simu akabaki ameshika kioo kinachomgomea. Ikibidi kwenda kwa fundi, mwachie simu bila laini, na usimtajie namba ya siri ya fedha hata akisema anaijaribu tu.

SWALI: Nimerudisha simu yangu katika hali ya kiwandani mara mbili, na matangazo yanarudi kabla sijaweka programu yoyote. Niliinunua ikiwa mpya, kwa bei nafuu sana. Je, inawezekana?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Inawezekana. Kurudisha hali ya kiwandani hufuta ulichoongeza wewe, lakini hakugusi mfumo uliokuja na simu, na kama uchafu umo ndani ya mfumo huo, utarudi kila mara. Mwaka 2019 Google wenyewe walieleza jinsi programu hasidi iitwayo Triada ilivyoingizwa katika mifumo ya baadhi ya simu kupitia wakandarasi wa watengenezaji, kabla simu hazijafika dukani. Hapa ndipo kuflashi kunapokuwa na maana, mradi fundi atumie mfumo halisi wa toleo lako. Hata hivyo, rudi kwanza dukani na risiti, kwa kuwa hilo ni kosa la bidhaa. Kabla ya hapo usipitishe fedha kwenye simu hiyo.

SWALI: Kalenda ya iPhone yangu imejaa miadi inayosema simu imevamiwa, na kila moja ina kiungo. Vilevile napata SMS za «ile hela itume kwenye namba hii». Je, mambo haya yanahusiana?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Hayahusiani, Mwalimu. Miadi imetoka kwenye kalenda uliyojiunga nayo bila kujua ulipokubali ombi kwenye tovuti fulani. Fungua Kalenda, gusa orodha ya kalenda iliyo chini, tafuta usiyoitambua, gusa herufi i iliyo kando yake, ushuke hadi mwisho uifute. Miadi yote itaondoka pamoja nayo. Zile SMS hutumwa kwa namba yoyote kwa kubahatisha, wala hazionyeshi kwamba simu yako ina kasoro. Zisambaze kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na utakapoulizwa namba iliyozituma, iandike kama ilivyo.